Baiskeli Kuukuu za Ubelgiji na Jinsi ya Kuzitengeneza Upya

Kitu kionwacho kila siku mara nyingi hakitazamwi. Hapa Burundi baiskeli twaiona tangu asubuhi hadi jioni. Twaiona ikiteremka mlima imebeba mikungu ya ndizi hata mpandaji haonekani, kisha twaiona ikirudi juu mpandaji ameshika nyuma ya lori. Nyingi za siku hizi zimetoka China na India. Walakini nyuma ya nyumba za wazee, penye kuni na majembe, huenda ikapatikana baiskeli ya namna nyingine, iliyotengenezwa Ubelgiji na kuletwa huku kabla ya uhuru wetu wa tarehe 1 Julai 1962.

Katika makala haya nataka kueleza mambo matatu. Kwanza, baiskeli hizo zilitoka katika viwanda gani. Pili, jinsi ya kuitambua moja uionapo. Tatu, jinsi ya kuitengeneza upya bila kuiharibu. Jambo hili la tatu nimejifunza kwa hasara, nami nitaieleza hasara hiyo bila kuficha, ili mwenzangu asiirudie.

1. Zilikotoka

Ubelgiji si nchi kubwa. Eneo lake ni kilomita za mraba 30,000 na kidogo, na letu ni karibu 28,000. Lakini nchi hiyo ilikuwa na viwanda vingi vya chuma, na baadhi ya baiskeli zake za kwanza zilizaliwa katika nyumba za silaha.

Karibu na mji wa Liège pana mahali paitwapo Herstal. Mafundi wa huko walikuwa wakitengeneza bunduki tangu zamani. Mwaka 1889 kikaanzishwa kiwanda kikubwa, Fabrique Nationale, yaani FN, ili kulitengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 za namna ya Mauser. Mashine ziliponunuliwa na mafundi kuajiriwa, ilipasa watafutiwe kazi nyingine pia ili wasikae bure. Basi kabla karne ile haijaisha, kiwanda kikaanza kutengeneza baiskeli. Mtu aliyezoea kutoboa mtutu wa bunduki uwe sawasawa hashindwi na bomba la fremu. Kwa hiyo katika alama ya FN utaona bunduki pamoja na pedeli za baiskeli. Hapo hapo Herstal ilikuwako nyumba ya Saroléa, iliyoanza kwa silaha mwaka 1850, nayo ikaingia katika baiskeli na baadaye pikipiki.

Katika mji wa bandari wa Antwerp, Sylvain de Jong alianza mwaka 1897 kutengeneza baiskeli zilizoitwa Minerva. Miaka michache baadaye alitengeneza injini ndogo ya kufungwa kwenye fremu ya baiskeli, kisha akatengeneza motokaa, na motokaa za Minerva zikawa za matajiri. Vijana wanaodharau baiskeli na kutamani motokaa tu wakumbuke mpango huo: baiskeli ilitangulia, motokaa ikafuata.

Upande wa magharibi, katika nchi ya Waflandria, pana mji mdogo wa Zedelgem. Huko jamaa wa ukoo wa Claeys walikuwa wahunzi, wakaendelea hata wakawa na kiwanda, na baiskeli zao wakaziita Flandria. Mwaka 1956 ndugu walitengana. Aimé akabaki na Flandria, na Remi akaanza kuuza zake kwa jina la Superia. Naomba msomaji ayaweke moyoni majina haya mawili, Flandria na Superia, maana nitayarudia. Flandria ilipata sifa kubwa katika mashindano. Mpanda baiskeli wao Freddy Maertens alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1976. Lakini sifa haikulipa madeni, na mwaka 1981 kampuni ikafilisika.

Mashindano ndiyo yaliyowafanya Wabelgiji waipende baiskeli kuliko kitu cha kubebea mizigo tu. Shindano la Liège–Bastogne–Liège lilianza mwaka 1892, na lile la kuzunguka Flandria mwaka 1913. Mtu mashuhuri kuliko wote ni Eddy Merckx, aliyezaliwa mwaka 1945 na kushinda Tour de France mara tano. Alipoacha kushindana alifungua kiwanda chake mwenyewe mwaka 1980. Siku hizi, katika mji wa Roeselare, liko jumba la makumbusho lililowekwa kwa ajili ya mashindano hayo, na katika nchi yote wako watu wanaokusanya baiskeli za zamani, wanaozitafuta katika maghala na mabanda kama wengine watafutavyo fedha za kale.

2. Jinsi ya kuitambua

Mkusanyaji akiletewa baiskeli, hatazami kwanza kama inang'aa. Hutazama ni maneno gani ingali inayasema. Maneno hayo yako mahali patano.

Mahali pa kwanza ni kibati cha shaba au cha bati kilichopigwa mbele, chini ya usukani. Kikiwa kimeng'olewa, matundu yake mawili yatabaki.

Mahali pa pili ni chapa za rangi. Jina la kiwanda mara nyingi halikuchongwa katika chuma. Lilikuwa chapa nyembamba kama karatasi ya sigara, imebandikwa juu ya rangi na kupakwa vanishi. Chapa hiyo ndiyo shahidi bora, na ndiyo nyepesi kupotea.

Mahali pa tatu ni nambari iliyogongwa katika chuma, chini ya ekseli ya pedeli au karibu na kiti.

Mahali pa nne ni kibati cha kodi. Zamani mikoa ya Ubelgiji ilitoza kodi ya baiskeli, na mwenye kulipa alipewa kibati chenye mwaka wake. Baiskeli yenye kibati hicho hukuambia mwaka ilipokuwa barabarani, ingawa haikuambii mwaka ilipozaliwa.

Mahali pa tano ni vipimo vyenyewe. Hapa wengi huharibu kazi, kwa hiyo nitaeleza zaidi. Viwanda vingine vya Ubelgiji vilifuata vipimo vya Kifaransa vya milimita, na vingine vilifuata vya Kiingereza vya inchi. Bomba la uma wa mbele kwa Kifaransa ni milimita 25. Kwa Kiingereza ni inchi moja, yaani milimita 25.4. Tofauti haifiki hata nusu ya milimita, na jicho haliioni. Lakini ukilazimisha nati ya namna moja juu ya meno ya namna nyingine, itaingia mizunguko miwili, kisha itakata meno yote. Tairi nazo hudanganya. Ziko mbili ambazo zote huitwa “ishirini na nane”. Ile ya 28 × 1½ hukaa juu ya rimu ya milimita 635, na ile ya 28 × 1⅝ × 1⅜ juu ya rimu ya milimita 622. Mtu akinunua kwa kusoma 28 tu, atarudi dukani.

3. Hasara yangu

Sasa nieleze habari yangu. Likizo kubwa iliyopita nilikwenda kwa bibi yangu, Rumonge, kando ya ziwa. Nyuma ya jiko, chini ya nyavu kuukuu, nilikuta baiskeli nyeusi isiyo na mnyororo. Bibi akaniambia, “Hiyo ilikuwa ya baba yangu. Alikuwa karani Usumbura, siku za Wabelgiji.” (Usumbura ndilo jina la zamani la Bujumbura.) Nikamwomba niitengeneze. Akasema, “Itengeneze, mjukuu wangu, lakini usiiuze.” Siku zile wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wakipita na mizani yao, naye alikuwa amewafukuza mara mbili.

Sikuuliza neno jingine. Nilinunua msasa, nikasugua siku tatu. Rangi nyeusi ikaondoka, chini yake ikatokea ya kijani, nayo nikaiondoa, mpaka chuma kikang'aa kama kijiko. Nilifurahi sana. Nikaifunga juu ya basi, nikaipeleka Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi, ambako mafundi ni wengi na Kiswahili ndicho lugha ya kazi. Fundi niliyemwendea ni mzee wa makamo, mpole wa maneno. Aliizunguka baiskeli mara moja, akaniuliza, “Kijana, ilikuwa inaitwaje?”

Nikamjibu sijui, ila ni ya Ubelgiji, maana kengele yake imeandikwa hivyo.

“Kengele si baiskeli,” akasema. “Kengele hununuliwa sokoni. Ile rangi ya chini uliisoma kabla ya kuiondoa?”

Nikanyamaza. Akachukua spana, akafungua kikamatio cha pampu, ambacho mimi nilikuwa nimekisugua juu bila kukiondoa. Chini yake palikuwa na rangi ya kijani, upana wa vidole viwili, safi kabisa, na juu yake herufi tatu za manjano: R, I, A. Akanitazama, akasema, “Msasa hauna macho, mwanangu. Macho ni yako wewe.”

Herufi tatu. Wasomaji waliokumbuka majina yale mawili wameshaona taabu yangu. Flandria yaisha kwa RIA, na Superia yaisha kwa RIA. Ndugu wawili wa Zedelgem waliogawana kiwanda mwaka 1956 wameniachia mkia wa jina ulio sawa, na kichwa chake nilikisaga mwenyewe kikawa vumbi katika uwanja wa bibi yangu.

Lakini hasara kubwa sikuwa nimeijua bado. Niliporudi Rumonge nilimweleza bibi habari za herufi zile. Akauliza, “Na jina la baba?” Nikasema, “Jina gani, bibi?” Akanieleza kwamba baba yake, alipoinunua, aliandika jina lake juu ya bomba la juu kwa rangi nyeupe, kwa mkono wake, herufi za kulala kama walivyofundishwa makarani, ili isiibwe. Baadaye mtu aliipaka rangi nyeusi juu yake. Barua zake ziliungua pamoja na nyumba, na picha hakuna. Mwandiko wake ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani, chini ya ile rangi nyeusi. Bibi hakunikemea. Aliingia ndani akaendelea na mchele wake.

Wazee husema majuto ni mjukuu. Safari hii mjukuu alikuwa mimi mwenyewe.

4. Kazi yenyewe

Haya yafuatayo ni mafundisho ya yule fundi, niliyoyapata kwa kufanya kazi pamoja naye majuma manne. Nayapanga kwa taratibu, ili mtu aweze kuyafuata.

(a) Uliza kwanza. Keti na mwenye baiskeli, au na jamaa zake, uandike: iliyonunuliwa na nani, wapi, ilipakwa rangi lini, imebadilishwa nini. Kazi hii haitaki fedha.

(b) Piga picha na uchore. Simu yatosha. Piga kila upande, na kila fundo kabla ya kulifungua. Weka nati na skrubu katika makopo, kila kopo na karatasi yake.

(c) Osha kwa upole. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, na ukiona rangi inatoka katika kitambaa, acha. Usitumie petroli wala tina, maana huyeyusha vanishi, na chapa huondoka nayo.

(d) Fungua dirisha. Ukishuku kwamba iko rangi nyingine chini, chagua mahali padogo pasipoonekana, kadiri ya ukucha, usugue polepole kwa msasa laini uliolowa maji. Utaona rangi zikipangana, moja ndani ya nyingine, kama pete za gogo lililokatwa. Kwa dirisha hilo utajua ilipakwa mara ngapi. Kisha tazama chini ya vikamatio vyote, cha pampu, cha taa na cha keria, maana hapo jua na mpaka rangi hawakufika.

(e) Jihadhari na vumbi. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Usisugue rangi kavu kama nilivyofanya mimi. Lowesha msasa, funika pua na mdomo, fanya kazi mbali na jiko, na nawa kabla ya kula.

(f) Fungua bila nguvu za bure. Nati iliyoshikwa na kutu itiwe mafuta, ilale usiku mzima. Pedeli ya kulia hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume cha saa, kama skrubu ya kawaida. Lakini pedeli ya kushoto hufunguliwa kwa kufuata saa. Wengi huvunja pedeli ya kushoto kwa kutojua jambo hili moja. Kotapini inayoshika mkono wa pedeli usiipige ovyo. Legeza nati yake mpaka iwe sawa na ncha ya pini, ili meno yasivimbe. Tegemeza mkono wa pedeli chini yake kwa bomba au gogo gumu. Kisha piga mara moja kwa nguvu. Pigo moja lililotegemezwa vizuri hufaa kuliko mapigo ishirini ya woga.

(g) Kutu. Juu ya kromu, chukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, uikunje, uilowe maji, usugue. Karatasi hiyo ni laini kuliko kromu, kwa hiyo huondoa kutu bila kukwaruza sana. Vyuma vidogo visivyo na rangi wala kromu vilowe katika siki usiku mmoja, visuguliwe kwa brashi, visuuzwe katika maji yenye magadi ili ukali wa siki ufe, vikaushwe upesi na kupakwa mafuta. Siki isiguse rangi.

(h) Gololi. Zihesabu unapozitoa. Mara nyingi katika habu ya nyuma utakuta 9 kila upande, za robo inchi, na katika ekseli ya pedeli 11 kila upande. Usichanganye mpya na kuukuu, maana ile iliyo kubwa hata kidogo hubeba mzigo wa wenzake wote na kukata njia ya kikombe. Tia grisi mpya, kaza koni, kisha ilegeze kidogo mpaka gurudumu lizunguke bila kucheza.

(i) Rangi iliyobaki ibaki. Hapa fundi na mimi tulibishana siku moja, maana nilitaka baiskeli ing'ae yote. Akanijibu kwamba kwa mtu aendaye kazini, baiskeli yenye rangi mpya ni bora. Lakini kwa mtu atakaye kujua ilikotoka, kipande cha rangi ya zamani chenye mikwaruzo kina thamani kuliko fremu nzima iliyopakwa jana. Rangi ya zamani iliyo salama ipakwe nta tu. Palipo na chuma kitupu pakwa rangi, maana chuma kitupu huliwa na kutu.

5. Ilivyokwisha

Baiskeli ya bibi sasa inatembea. Fremu niliyoivua nguo niliipaka kijani, nikilinganisha na ile alama ya vidole viwili. Alama yenyewe sikuigusa; niliipaka nta, nikakirudisha kikamatio cha pampu juu yake kama kilivyokuwa. Jina la kiwanda sikuandika, maana sina ushahidi wa kuchagua kati ya ndugu wale wawili. Mkusanyaji mwaminifu haandiki asichokiona.

Nilimwomba bibi ruhusa ya kuandika upya jina la baba yake juu ya bomba la juu. Alifikiri kidogo, akasema, “Usiandike. Huo utakuwa mwandiko wako.” Nikaona kwamba amesema kweli. Badala yake nilinunua daftari, nikakaa naye jioni nne, nikaandika yote aliyoyakumbuka: jinsi baba yake alivyoifuta kila Jumapili, jinsi alivyombeba yeye mbele juu ya bomba akienda kumnunulia viatu, jinsi kengele ilivyosikika kabla mwenyewe hajaonekana. Daftari hilo liko ndani ya mfuko wa ngozi nyuma ya kiti.

Wanafunzi wenzangu, mkienda likizo, tazameni nyuma ya majiko. Nanyi wakubwa wetu mliosoma katika shule hii, wengi wenu mna nyumba, na katika nyumba hizo iko mizigo ya wazee wenu. Mnunuzi wa vyuma atapita, naye hupima kwa kilo. Kabla hajafika, itoeni baiskeli uani, mwiteni aliye mzee kuliko wote nyumbani, mwambieni aeleze, na mmoja wenu aandike. Hata kama haitatembea tena kamwe, habari zake zitakuwa zimepona.

Na kijana atakayeshika msasa kwanza aione kazi hii yangu, kisha auweke chini mpaka ameuliza.